Vigingi Nyuma ya Korongo

Gololi ilibingirika juu ya dari, ikagonga ukuta, ikanyamaza.

Greta alisimama jikoni gizani, kiberiti mkononi, akasikiliza. Umeme ulikuwa umekatika tangu mchana, barafu ilipovunja matawi na kuyaangusha juu ya nyaya, na sasa nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba aliweza kuifuata ile gololi kwa sikio kutoka dirishani hadi mlangoni. Kule juu binti yake Tilly alikuwa amelala kifudifudi zuliani, tochi kaibana kwapani, akipanga upya vibomba vyake vya karatasi ngumu. Ansel ndiye aliyemfundisha. Kilima cha kwanza kiwe kirefu kuliko vyote, alimwambia, kwa sababu gololi haitapanda tena kufika pale ilipoanzia, hata uibembeleze vipi.

Siku hizi Greta hakuweza kuisikia bila kujiona yeye mwenyewe ndani yake, akishuka.

Aliwasha mshumaa, akausimika kwenye kisahani. Ansel angefika wakati wowote, na kabla hajaondoka, ama Greta angekuwa amemwambia, ama angekuwa amemwacha ayaharibu maisha yake huku akitabasamu. Njia ya tatu haikuwepo. Alikuwa ameitafuta tangu asubuhi, akikanda unga wa pai, akiosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na hakuiona.

Baba yake alikuwa ameshuka bustanini kuangalia mabomba yasigande. Alipokuwa akivaa buti alimtazama binti yake kwa muda, kisha akasema neno moja tu.

"Jumatatu."

Jumatatu baba yake, Mzee Sabol, angetia saini. Bustani ya Sabol, bustani ya michezo iliyofunguliwa na babu wa mzee msituni, pamoja na farasi wake wa kuzunguka, na gurudumu lake kubwa, na treni ya mbao ya kupanda vilima na kushuka kwa kasi, ambayo bonde zima liliiita Korongo, kama yule ndege, kwa sababu ya shingo yake ndefu iliyochungulia juu ya misonobari, ingekuwa mali ya mtu anayejenga nyumba za kuuza. Kabla ya hapo asijue mtu. Wafanyakazi wakijua, mji wote utakuja kusimama langoni na mabango, mnunuzi ataogopa, na moyo wa mzee, ambao daktari alikwisha kuukatia tamaa nusu, hautamaliza msimu mwingine wa kiangazi. Greta aliapa. Aliapa ameshika mkono wa baba yake, na mkono ule ulikuwa mwepesi kama glavu tupu.

Asichokijua alipoapa ni kwamba vigingi vingetokea.

Vilitokea siku chache kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba: vigingi vya mbao vyenye utepe wa rangi ya chungwa, mistari miwili sambamba, vikianzia nyuma ya Korongo na kuzama msituni. Na watu wa uzio wakaviona.

Watu wa uzio, ndivyo walivyoitwa pale mjini, nusu utani, nusu heshima. Bustani ikifungwa wakati majani yanapukutika, mtu mwenye akili timamu huenda kwake akaota moto. Wao ndipo wanapoanza kazi. Huuzunguka uzio na darubini na chupa za kahawa, wakitazama mti gani umekatwa, njia gani imezibwa, lori gani limeingia na limefunikwa turubai la ukubwa gani, ili wajue bustani itajenga mchezo gani mpya. Jumamosi ya kwanza ya Desemba hukutana mgahawani kwa Hornung. Kila mmoja husimama akatoa ubashiri wake mbele ya watu, na atakayepatia hukalia kiti cha mbele kabisa siku mchezo unapofunguliwa. Aliyekosea kuliko wote huwanunulia wenzake pai ya molasi.

Hapo ndipo Greta alipompenda Ansel Dreher. Alikuwa amesimama juu ya kiti, makombo ndevuni, akieleza kwa nini shimo lililochimbwa karibu na bwawa haliwezi hata kidogo kuwa la mchezo wa maji. Alipatia. Miaka yote alipatia. Tena hakuwa mtu wa maneno tu. Kila majira ya baridi yeye ndiye aliyekuwa seremala wa Korongo, akitembea juu ya mgongo wake na nyundo kiunoni, akibadilisha mbao zilizochoka.

"Mtu anayechungulia uzio wangu mwaka mzima," Mzee Sabol alizoea kusema, "hampendi binti yangu. Anapenda uzio."

Hakuwahi kumruhusu Ansel avuke jikoni. Baba yake Tilly, kabla yake, aliruhusiwa hadi sebuleni, hadi mezani, hadi moyoni, na mwisho akaondoka na begi moja akisema mji huu unamkaba koo. Kwa hiyo mzee alijifunza kuweka mpaka. Mwaka wa pili huu mapenzi yao yalikuwa ya jikoni. Yalinukia kahawa na vitunguu.

Buti ziligonga kibarazani. Ansel alibisha kwa namna yake, mara mbili kwa kidole kimoja, na kabla Greta hajaitikia mlango ulifunguka, baridi ikaingia pamoja naye. Ndevu zilikuwa zimeganda. Kwapani alibana karatasi ya kufungia nyama, ndefu, imeviringishwa kama mkeka. Aliuona mshumaa, akamwona Greta nyuma yake, akasimama. Namna alivyomtazama ilikuwa ileile ya siku zote, kama mtu aliyefika kileleni na bado hajaamua kutazama chini.

"Mama Tilly," alisema kwa sauti ndogo. "Ukisimama hivyo na huo mshumaa, mtu anaweza kusahau alichokuja kusema."

"Vua buti. Unaniletea bwawa zima ndani."

Alivua. Akambusu kwenye paji la uso kwa midomo ya baridi, na macho ya Greta yalibaki yamefumbwa hata baada ya busu kwisha. Alitaka kubaki humo ndani ya macho yaliyofumbwa. Humo hakukuwa na Jumatatu.

Ansel alikuwa ametoka moja kwa moja kwa Hornung, ambako walikutana kwa taa za chemli, na alikuwa na furaha ya mtoto. Alimsimulia yote akitandaza karatasi mezani na kuikandamiza kwa bakuli la sukari na kopo la pilipili. Bibi Fenstermacher alishikilia kuwa ni bembea za minyororo, kama alivyoshikilia kila mwaka tangu mumewe akiwa hai. Ndugu wawili wa ukoo wa Lapp walisema mchezo wa maji, wakazomewa. Mgeni mmoja kutoka Scranton alisema labda ni vyoo vipya, maana vyoo vinahitajika kweli, akaambiwa akae chini. Kisha Ansel aliposimama, mgahawa mzima ulinyamaza hata ukasikia theluji ikidondoka kutoka paani.

"Nikawaambia, ni treni ya pili ya mbao," alisema. "Ndefu kuliko Korongo. Njoo uone."

Greta alikuja. Alisimama karibu naye, bega kwa bega, akatazama chini kwenye mistari aliyoichora kwa penseli ya useremala. Kila kigingi kilikuwa na nukta yake. Kidole cha Ansel kilitembea taratibu, kilekile kidole cha kubishia mlango.

Hapa inatoka nyuma ya Korongo, alimweleza. Huu mstari ni miguu ya upande mmoja, huu miguu ya upande wa pili, na upana kati yake haubadiliki, ishara ya fundi anayejua kazi. Inanyooka. Inavuka kijito. Halafu, mwisho kabisa, penye mialoni, vigingi vinaachana, vinatanuka, vinafanya duara kubwa lililo safi kama sahani.

"Angalia huo mzunguko, Greta. Nani anahitaji duara kama hilo katikati ya msitu, kama si treni inayogeuka irudi nyumbani?"

Greta alijua nani. Magari. Magari ya watu watakaonunua nyumba mwisho wa barabara isiyotokea kokote, wakitafuta mahali pa kugeuzia. Alikwisha kuiona michoro ya mnunuzi juu ya meza ya baba yake, na duara lilelile, na kando yake viboksi vidogo vya nyumba, kila kimoja na kibaraza chake. Ni watu wa uzio peke yao, watu waliolala na kuamka na treni kichwani, ambao wangeweza kutazama barabara na kuona reli.

"Ni pazuri," alisema.

"Na yule bwana wa Montana anapiga simu saa moja."

Greta alijua habari ya bwana wa Montana, jimbo la mbali magharibi. Bwana huyo alikuwa na kampuni inayojenga treni za mbao kila pembe ya dunia. Alipita kiangazi, akamwona Ansel akishughulika na Korongo, na tangu hapo akawa anamtaka awe msimamizi wa mafundi wake. Leo alitaka jibu la mwisho. Akikosa la Ansel, alikuwa na seremala mwingine anayengoja mlangoni.

"Nitamwambia hapana," alisema Ansel.

Juu ya dari gololi ilianza safari, ikashika kasi, ikapiga kona.

"Ansel."

"Ngoja, niache nimalize, nimeyafanyia mazoezi njiani kama mwanafunzi." Aliushika mkono wake, akauweka juu ya lile duara. "Nilikuwa naogopa. Kazi ya Korongo ni ya miezi minne, siyo kazi ya mtu mwenye familia. Nisingeweza kusimama mbele ya baba yako na nyundo ya miezi minne. Lakini treni hii ni kazi ya miaka. Itajengwa, itatunzwa, na nani mwingine hapa anazijua mbao? Nitabaki. Nitabaki hapa, kwako na kwa Tilly. Na siku ubao wa kwanza utakapopigiliwa hapo penye mzunguko, nitakuuliza swali. Usiniulize swali gani."

Machozi yalimjia Greta ghafla. Ansel aliyaona, akayaelewa visivyo. Alitabasamu, akayafuta kwa gumba.

"Mwambie ndiyo," alisema Greta.

Gumba lilisimama shavuni.

"Nani?"

"Huyo bwana. Mwambie ndiyo. Ni kazi uliyoitamani tangu utoto, umeniambia mwenyewe. Mtu hakatai kitu kama hicho kwa ajili ya vigingi."

"Sikatai kwa ajili ya vigingi. Nakataa kwa ajili yako. Vigingi vimenipa ruhusa tu."

"Na kama umekosea?"

"Sijawahi kukosea."

"Nimeuliza, na kama?"

"Basi nitawanunulia pai." Alicheka, akasubiri naye acheke. Alipoona hacheki, aliondoa mkono wake shavuni polepole, kama mtu anayeondoa mkono kwenye kitu kilichopakwa rangi, akiogopa ameacha alama. "Ni mzee, siyo? Kakwambia nini safari hii?"

Greta alimwambia asimwingize baba. Ansel akajibu kwamba hamwingizi, yumo tayari, yumo kwenye kila kiti cha jikoni hii. Alisema maneno mengi aliyoyaficha mwaka mzima: kwamba anaingia kwa mlango wa nyuma kama mleta maziwa, kwamba Krismasi iliyopita alikula pai yake amesimama kibarazani, kwamba yote hayo aliyameza kwa sababu alidhani wako wawili katika kuyameza. Sauti yake haikupanda, na kutopanda kwake ndiko kulikomchoma Greta.

"Angalau mwombe akupe mpaka Jumatatu," alisema Greta.

"Jumatatu kuna nini?"

Greta aliunyoosha mshumaa kisahanini.

"Greta, kuna nini Jumatatu?"

"Hakuna kitu."

"Kama hunitaki, sema. Nitaelewa, nitavaa buti zangu. Lakini usinifukuze kwa jina la kazi nzuri, kama mtu anayetupa paka halafu anasema amempeleka shamba."

Na hapo Greta aliona kwamba mlango mmoja uko wazi. Akisema sikutaki, Ansel ataondoka. Ataondoka ameumia, lakini atakwenda Montana, atajenga treni zake, ataokoka. Kiapo kitabaki kizima na moyo wa baba utafika Jumatatu. Neno moja. Alifungua mdomo alitoe. Alimtazama yule mwanamume kwenye mwanga wa mshumaa, soksi zake zimetoboka kidole gumba, barafu inayeyuka ndevuni na kudondoka juu ya treni aliyoichora kwa ajili yake, na neno likakataa kutoka. Alijaribu tena. Kilichotoka ni pumzi.

Simu ya Ansel iliita.

Iliita juu ya meza, ikitetemesha kopo la pilipili, na mwanga wake wa buluu ukamulika nukta zote za vigingi. Ansel aliitazama, akamtazama Greta. Alisubiri, mpaka mwito wa pili, mpaka wa tatu. Kisha akanyoosha mkono.

"Basi nitamjibu nilivyokusudia," alisema.

Greta aliuweka mkono wake juu ya simu.

"Siyo treni, Ansel."

"Toa mkono."

"Siyo treni. Ni barabara. Baba ameuza. Watajenga nyumba, na hilo duara ni la magari kugeuzia."

Simu iliendelea kutetemeka chini ya kiganja chake, mara moja, mara mbili, ikakatika. Jikoni kulikuwa na giza kuliko mwanzo.

Ansel aliinama juu ya karatasi. Greta aliona macho yake yakitembea tena kutoka nyuma ya Korongo, yakivuka kijito, hadi kwenye mialoni, na safari hii yakiona lami, na taa za barabarani, na masanduku ya barua. Upana usiobadilika. Duara safi kama sahani. Aliona kila kitu kikijipanga mahali pake vizuri zaidi kuliko kilivyojipanga kwenye treni, na Greta akaona uso wake ukizeeka.

"Tangu lini unajua?"

"Kabla ya Shukrani."

"Kabla ya vigingi."

"Ndiyo."

"Jumapili ile tulipokwenda kupima." Alikuwa anaongea na karatasi. "Theluji ilikuwa ndiyo kwanza imeanguka. Mimi nilishika ncha moja ya futi, na wewe nyingine. Kigingi kwa kigingi, mpaka mwisho. Nilikuwa nakupigia kelele namba na wewe unanicheka."

"Niliapa kwa baba."

"Ulinishikia futi, Greta."

Greta angeweza kumweleza kwamba siku ile alicheka ili asilie, kwamba usiku wake alikaa bafuni na bomba la maji wazi ili Tilly asisikie. Lakini yote hayo yalikuwa mambo yake yeye, na aliyedanganywa alikuwa mwingine. Alinyoosha mkono akaugusa mkono wa shati lake. Ansel hakuuondoa. Hakuugusa pia.

Mlango wa mbele ulifunguka na kufungwa. Hatua za Mzee Sabol zilikuja ukumbini, nzito, zikisimama kupumzika. Alitokea kwenye mlango wa jikoni na taa ya mkononi, akaona karatasi, akaona nyuso.

"Umemwambia," alisema.

"Nimemwambia, baba. Alikuwa anakataa kazi kwa ajili ya..." Alishindwa kumalizia. "Nisamehe."

Walingoja akasirike. Ingekuwa afadhali. Mzee alivuta kiti, akaketi na kofia yake kichwani, akaiweka taa sakafuni kati ya miguu yake, na kwa muda walisikia tu pumzi yake ikitafuta pa kukaa.

"Korongo itakuwaje, mzee?" aliuliza Ansel.

"Wataibomoa theluji ikiyeyuka."

"Na mbao zake?"

"Sikuweza kuuliza." Mzee aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimtazama Ansel bila uzio kati yao. "Nilikuwa nakuona dirishani. Juu kule kwenye upepo, unagonga, unagonga. Kila ubao ulioutia majira haya nilijua ni wa bure. Kila siku nikasema leo nitamwita ashuke. Sikukuita. Sikujua ungeshuka ukiwa nani, au mimi ningebaki kuwa nani."

Ansel aliinua simu, akairudisha mezani.

"Piga simu," alisema mzee. "Mwambie huyo mtu aliyekuja kiangazi unakwenda. Kijana kama wewe asizeeke akichungulia uzio usio na kitu ndani."

"Na yeye?" Ansel alimwashiria Greta kwa kichwa, bado hamtazami.

"Yeye na mtoto niachie." Sauti ya mzee ilipasuka katikati. "Vingine vyote nimeshavitoa."

Ndipo Ansel alipogeuka. Hasira ilikuwepo machoni, na kuumia, na nyuma ya vyote hivyo, mbali kidogo, kama mtu anayepunga mkono kutoka behewa la mwisho, alikuwemo yeye mwenyewe.

"Sijakusamehe," alimwambia. "Sijui nitakusamehe lini. Lakini nakuuliza leo kwa sababu hakuna mzunguko wa kungojea tena. Twende."

Greta alimtazama baba yake, kofia yake, mikono yake miepesi juu ya magoti. Akamtazama Ansel. Moyo wake ulikuwa umeshatoka mlangoni, umeshavaa buti. Miguu ndiyo iliyokataa. Angesema naogopa. Angesema nikikufuata nitaamka siku moja na wewe umeshachoka, kama yule wa kwanza, na safari hii nitakuwa mbali na kila mlango ninaoujua. Angesema baba atakufa peke yake. Badala yake alishika kitu kidogo kilichokuwa karibu.

"Siwezi," alisema. "Tilly ana shule. Ndiyo kwanza ameanza kusoma, ana mwalimu anayempenda, ana marafiki. Huwezi kumng'oa mtoto katikati ya mwaka."

Wote watatu walijua kwamba haikuwa shule.

"Basi ni shule," alisema Ansel taratibu.

Aliketi kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, akavaa buti, akafunga kamba moja, akafunga ya pili, bila haraka, akiipa kila kamba muda wa mtu kubadili mawazo. Hakukunja karatasi yake. Alisimama. Greta alishika ukingo wa meza, akahisi kabisa jinsi treni inavyoachia kileleni, na hakuna wa kumshika mkono.

Simu iliita tena.

Ansel aliichukua mezani, akaiweka sikioni huku mkono mwingine ukiwa kwenye kitasa.

"Ndiyo, bwana. Ndiye mimi. Samahani, nilikuwa..." Alisikiliza. Sauti ya yule mtu ilisikika mpaka kwenye kiti cha mzee, nyembamba, yenye furaha, sauti ya mtu aliye mahali penye umeme. "Ndiyo. Nimeamua. Jibu langu ni..."

Kitu kiligonga ngazi moja ya kwenda ghorofani. Tak. Kikashuka ya pili, tak, na ya tatu, kikiongeza kasi, kikaingia jikoni kikibingirika sakafuni, kikapita kati ya buti za mzee, kikamulikwa na taa, kikasimama kwenye kisigino cha Ansel. Ilikuwa gololi ya kijani.

Hapo ndipo Greta alipotambua kwamba alikuwa hajaisikia juu ya dari kwa muda mrefu sana.

Tilly alikuwa amekaa kwenye ngazi ya katikati, mahali ambapo giza la juu linakutana na mwanga wa chini, amevaa gauni la kulalia na soksi za sufu, kibomba cha karatasi mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa na uso alio nao anapohesabu, uso wa mtu aliyelipitia jambo mara kadhaa na kuona linatoka sawa. Alimtazama Ansel na simu yake, akamtazama babu yake chini ya kofia, kisha akamtazama mama yake, kwa sababu mama ndiye aliyekosea.

"Hata Montana kuna shule," alisema.